Mtu Kwanza, Karatasi Nyuma

Mkimwuliza mtu njiani kazi ya mwamuzi ni nini, atajibu upesi: «Ni kukata maneno.» Jibu hilo si baya. Lakini iko kazi nyingine ya mwamuzi inayotangulia ile. Watu hawaizungumzi sana, kwa sababu inafanyika katika chumba kidogo, mlango umefungwa, na mara nyingi haidumu hata robo saa. Ni kazi ya siku ile mtu aliyekamatwa analetwa mbele yake, shauri lake halijakatwa bado, na mwamuzi anapaswa kuchagua moja katika mawili: huyu atangoja gerezani, ama huyu atangoja kwake nyumbani.

Sisi tunaoandika mistari hii tulikuwa karani wa tribunali ya amani kwa miaka mingi, katika mji mmoja wa mashariki ya Kongo. Mji hatuutaji, wala waamuzi hatuwataji. Wengine wangali hai, wengine wamekufa, Mungu awarehemu. Tunataka kuzungumza juu ya kazi ile kwa sababu tuliiona ikifanywa vizuri, tena tuliiona ikifanywa vibaya. Na siku moja ilipofanywa vibaya, sisi wenyewe tulikuwa ndani, muhuri mkononi.

Njia ya mtu aliyekamatwa

Kwanza tueleze njia yenyewe, maana wengi hawaijui, na asiyejua njia hupotezwa kwa urahisi.

Mtu akikamatwa na polisi, Katiba yetu ya mwaka 2006, katika fungu la 18, inakataza polisi kumshika kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, ni kumwachilia ama kumkabidhi kwa wakubwa wa sheria. Tena aambiwe palepale sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoisikia, na aruhusiwe kupasha habari jamaa zake au avoka wake.

Kisha anafika parke. Mkubwa wa parke anasoma dosie, anamwuliza maneno, na akiona kuna alama nzito za kosa anaweza kutoa mandati ya kumshika kwa muda. Lakini mandati ile haina maisha marefu. Sheria ya mashitaka ya tarehe 6 Agosti 1959, ambayo ingali inatumika pamoja na matengenezo yake, inamwamuru amlete mtu yule mbele ya mwamuzi katika siku 5. Kama mwamuzi anakaa mahali pengine, siku za safari zinaongezwa.

Hapo ndipo inapoanza kazi tunayoizungumza. Mwamuzi anamsikiliza mkubwa wa parke, tena anamsikiliza mtu mwenyewe, pamoja na avoka wake kama anaye. Akikubali kwamba ashikwe, amri yake ni ya siku 15 tu. Baadaye inaweza kurefushwa mwezi kwa mwezi, lakini si bila mwisho. Hata kwa makosa mazito haiwezi kurefushwa hivyo kupita mara tatu mfululizo. Ikipita hapo, jambo lisikilizwe mbele ya watu wote, milango wazi.

Sheria ile ile inasema kwamba kumfunga mtu kabla ya hukumu ni jambo la pekee, si desturi. Na Katiba, katika fungu la 17, inaweka uhuru kuwa kanuni, tena inamhesabu kila mshitakiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho.

Kwa nini sheria inataka mwamuzi, ikiwa polisi na parke wamekwisha kumwona mtu yule? Kwa sababu polisi anataka kumaliza kazi yake. Mshitaki anataka mali yake. Mkubwa wa parke anataka dosie yake ipate nguvu. Mwamuzi peke yake hapaswi kutaka kitu ila haki. Kama yeye naye anatia sahihi bila kuangalia, basi mtu yule hana mwingine wa kumwangalia.

Siku ya tano mchana

Ilikuwa miaka michache kisha kutolewa kwa sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto. Mwamuzi wetu alikuwa mtu mzima, mwenye elimu, wala hakuwa mla rushwa. Tunalisema hili wazi, kwa sababu watu wanadhani kila ubaya wa tribunali unatoka katika rushwa. Yule alikuwa amechoka tu. Dosie zilimjaa mezani, mshahara wake ulikuwa umechelewa, na gari la kumpeleka kwenye kilio cha mkwe wake lilikuwa linangoja nje.

Siku ile ya tano, saa nane mchana, walileta watu wanne, wamefungwa kamba wawili wawili. Wa nne alikuwa kijana mwembamba, miguu mitupu, amevaa shati la shule. Alishitakiwa kwamba ameiba baiskeli ya mfanyabiashara mmoja sokoni. Dosie ilisema ana miaka 20. Ilisema pia polisi walimkamata siku ya tatu, na parke wakampokea siku ya ine. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa sawa.

Lakini sisi tulijua kwamba si siku ya tatu. Siku ya kwanza asubuhi, tukienda kazini, tulipita mbele ya buloko ya polisi, tukamwona mama mmoja ameketi chini ya mwembe, sahani ya bugali mapajani, imefunikwa kitambaa. Tulimsalimu: «Jambo mama, unangoja nani?»

Alijibu: «Jambo papa. Nangoja mtoto wangu. Walimkamata jana, tulipotoka misa.»

Siku ya pili alikuwa palepale. Siku ya tatu vilevile. Siku ya ine hatukumwona tena, na siku ya tano tulimkuta mbele ya mlango wetu wa tribunali, sahani ile ile, kitambaa kile kile. Ndipo tulipomjua mtoto wake ni nani.

Mwamuzi hakuinua macho. Aliuliza jina, kisha akauliza: «Uliiba?»

Kijana akasema: «Hapana, papa zuzi, mimi nili…»

«Utaeleza siku ya hukumu.»

Akatia sahihi. Nasi tukapiga muhuri. Watu wanne, robo saa.

Tungaliweza kusema: «Bwana Mwamuzi, tarehe hii si ya kweli, mama wa kijana yuko mlangoni, umwulize.» Kweli, karani si mwamuzi. Lakini karani ana kinywa. Tulinyamaza kwa sababu tuliogopa kumkasirisha mkubwa wetu, tena tulijifariji kwa kusema moyoni: siku 15 si nyingi.

Siku 15 zikafuatwa na mwezi mzima. Amri ya kurefusha ilitiwa sahihi kijana hayupo. Dosie peke yake ndiyo iliyoletwa, maana gereza halikuwa na askari wa kumsindikiza siku ile. Mama yake alikuwa akipeleka chakula kila siku, kwa sababu chakula cha gereza hakikutosha. Aliuza kuku wake, kisha akauza kikwembe chake cha siku kuu. Mwishoni yule mfanyabiashara mwenyewe alikuja parke kwa haya: baiskeli imeonekana, mdogo wake aliichukua bila kuuliza na kwenda nayo kijijini. Kijana akatoka. Alitoka na kikohozi kibaya, na mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekwisha kupita.

Mwaka uliofuata kijana yule alikuja kuandikishwa kwa ajili ya kipaimara. Sisi tulikuwa tukimsaidia padri kazi ya kuandika. Tulifungua kitabu cha ubatizo, tukatafuta jina lake, tukahesabu miaka. Tukahesabu mara ya pili. Siku ile alipoletwa mbele yetu alikuwa na miaka 16.

Basi hakupaswa hata kidogo kuletwa kwa mwamuzi yule. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na mwamuzi wake ni mwamuzi wa watoto, ambaye anaweza kumwacha chini ya mkono wa baba na mama yake mpaka mambo yaishe. Kitabu kile cha ubatizo kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya tribunali. Hakuna aliyeuliza, na sisi hatukusema neno.

Mwamuzi aliyeuliza

Kisha miaka miwili tulipata mwamuzi mwingine, mwanamke, tena kijana bado. Siku ya kwanza walipomletea watu, alituambia: «Papa karani, tafazali, mwambie askari awafungue kamba.» Halafu hakuanza kwa kusoma dosie. Aliiweka pembeni, akamwangalia mtu aliyesimama mbele yake, akamwuliza. Maswali yake hayakuwa mengi, nasi tuliyashika yote.

La kwanza: Jina lako nani, ulizaliwa mwaka gani, na nani anayeweza kushuhudia? Akiona uso wa mtoto, hakuamini karatasi. Alituma mtu kwa wazazi, shuleni, au misioni.

La pili: Ulikamatwa siku gani, saa gani, na nani? Jibu alilinganisha na dosie. Kama vilipingana, aliita polisi aje aeleze, na sisi tuliandika maelezo yake.

La tatu: Unajua unashitakiwa kosa gani? Wengi walijibu kwamba hawajui. Kama mtu alisikia Mashi tu, au Kirega tu, alitafutiwa mkalimani kwanza.

La nne: Yuko mtu aliyekupiga? Swali hili aliliuliza kisha kuwatoa askari nje, kwa sababu hakuna mtu anayemshitaki askari aliyesimama mgongoni kwake.

La tano hakumwuliza mfungwa. Alimwuliza mkubwa wa parke: Kwa nini huyu asingoje kwake? Mnaogopa atakimbia? Hamjui ni nani kwa kweli? Atahatarisha watu? Mkubwa wa parke akijibu kwamba kosa ni baya, mwamuzi alisema: «Ubaya wa kosa tutaupima siku ya hukumu. Mimi nauliza juu ya leo.»

Msidhani alikuwa mpole asiyefunga mtu. Siku moja waliletwa watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamume aliyemkata jirani yake kwa panga, kisha akarudi usiku kumtisha shahidi, wala hakuwa na makao yanayojulikana. Alimpeleka gerezani, akamweleza sababu kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Yule mtu alitoka na hasira, lakini alitoka anajua kwa nini.

Wa pili alikuwa mama mwuza samaki, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amechukua mali kwa mkopo, mzigo ukaoza njiani, akashindwa kulipa. Mwenye mali alikwenda polisi, na deni likageuzwa jina katika karatasi likawa kosa la kuvunja imani. Mwamuzi alimwuliza mama, akamwuliza mwenye mali, akaona ni deni tu. Akamkumbusha mkubwa wa parke kwamba nchi yetu ilikubali mwaka 1976 Mapatano ya Mataifa juu ya haki za raia, na fungu lake la 11 linakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza mapatano ya deni. Mama akarudi nyumbani siku ile ile. Mwenye mali akaambiwa njia ya kudai haki yake bila gereza.

Wengine aliwaachilia kwa dhamana: fedha inawekwa kwa karatasi ya kuipokea, mtu anaahidi kutotoka mjini na kufika kila anapoitwa. Akifika kila mara, fedha yake anarudishiwa. Tunalieleza hili kwa sababu wengi wanachanganya dhamana na rushwa. Dhamana ina karatasi na inarudi. Rushwa haina karatasi na hairudi.

Kazi ile ilituchosha. Mara nyingi tulitoka ofisini giza limeingia, na kwa kweli tulinung'unika. Lakini usiku tulilala usingizi.

Maneno ya watu wa mji

Tunajua wasomaji wengine wanawaza nini sasa. Tunasikia kila siku sokoni: «Polisi wanakamata wezi, waamuzi wanawaachilia.» Hasira ile tunaielewa. Sisi wenyewe tuliibiwa mabati sita tuliyoyanunua kwa akiba ya miaka miwili, na tulipoambiwa jina la anayeshukiwa, tulitamani alale buloko usiku ule ule, bila maswali. Aliyeibiwa naye ni mtu, na sheria haimsahau: mshitakiwa anayengoja nyumbani hakusamehewa. Shauri lake linaendelea, na siku ya hukumu itafika.

Lakini kufunga kabla ya hukumu si malipo ya kosa. Tukiligeuza kuwa malipo, tunawalipisha pamoja aliyeiba na asiyeiba, maana siku ile bado hatujui yupi ni yupi.

Tena tuangalie matunda yake. Gereza la Makala, mjini Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1.500. Mwaka 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 10.000, na walio wengi walikuwa hawajahukumiwa. Tarehe 2 Septemba mwaka ule, usiku, watu walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni 129: wengine kwa risasi, walio wengi zaidi kwa kusongana na kukosa pumzi. Gereza halijijazi lenyewe. Linajazwa mtu mmoja mmoja, siku ya tano mchana, kwa sahihi za haraka, na kwa tarehe zilizopita bila mtu kuziangalia.

Jambo hili si la leo. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba liwali Felisi alimshika Paulo Mtume miaka miwili huko Kaisaria bila kukata shauri lake. Alitumaini kupewa fedha, na alipoondoka alimwacha kifungoni ili awapendeze watu. Festo aliyemfuata aliona aibu kumpeleka mfungwa kwa Kaisari bila kuweza kuandika kosa lake ni lipi. Festo hakuwa mkristu, na hata hivyo alijua kwamba haifai.

Kazi yetu sisi

Pengine mtasema: sisi si waamuzi, tufanye nini? Yako mambo madogo yaliyo katika uwezo wetu.

Ndugu yenu akikamatwa, andikeni palepale siku na saa, pamoja na majina ya walioona. Msingoje, kisha juma moja kila mtu anasahau. Wekeni vizuri karatasi za kuzaliwa za watoto. Kama hakuna, kitabu cha ubatizo kipo parokiani, na padri anaweza kutoa nakala. Nendeni parke, mwulize kwa heshima mandati ilitolewa tarehe gani, mhesabu siku 5. Mwulize amri ya mwamuzi ni ya tarehe gani, mhesabu siku 15. Panapo Tume ya Haki na Amani katika parokia, waambieni mapema. Msitoe fedha yoyote bila karatasi ya kuipokea.

Na ninyi mnaofanya kazi polisi, parke, tribunali, au gerezani, mkiona tarehe ya uongo, semeni. Semeni kwa adabu, lakini semeni siku ile ile.

Mwaka uliopita tairi ya baiskeli yetu ilipasuka karibu na soko. Tulikwenda kwa fundi mmoja aliyeketi chini ya hema ya plastiki. Ni yeye. Sasa ni mwanamume, ana mke na watoto wawili. Shule hakurudi tena. Alitutambua kabla hatujamtambua.

«Jambo, papa karani.»

«Jambo, mwanangu.»

Alitengeneza tairi polepole. Sisi tulitafuta neno la kusema, hatukulipata. Mwishoni alisema mwenyewe, bila hasira, mikono yake ikiwa kazini: «Siku ile papa zuzi hakuniangalia. Lakini wewe, papa, uliniangalia.»

Hatukujibu. Alipokea fedha yake, akatushukuru, nasi tukaenda.

Ndugu wasomaji, mwamuzi yule hakumwona, kwa hiyo labda ana la kujitetea. Sisi tulimwona. Ndiyo sababu tumeandika mistari hii, ili yeyote kati yenu atakayesimama siku moja mahali tulipokuwa tumesimama, muhuri mkononi, afungue kinywa kabla hajapiga muhuri.